Kushindwa kuinuka kitini si uzee tu

Ndugu Mhariri,

Mama mkubwa alipoanza kushindwa kuinuka kitini bila kushika meza, na kuchana nywele kukawa mateso, sote tulisema ni uzee, kumbe vidonge vya prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe inayofanana na homoni ya mwili) alivyojinunulia duka la dawa kwa miezi mingi ili kutuliza maumivu ya magoti ndivyo vilivyodhoofisha misuli ya mabega na nyonga. Udhaifu huo huweza pia kuletwa na maradhi ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini D au potasiamu, au kinga ya mwili kushambulia misuli. Nawasihi wauza dawa wasitoe vidonge hivyo bila cheti cha daktari; naye aliyevitumia muda mrefu asiviache ghafla bila kumwona daktari, kwani mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na hilo laweza kuua.

Msomaji wako,
Tanga