Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mgonjwa akiruhusiwa, mfumo usimwachie getini

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Mbagala, nikiwa mtoto wa mgonjwa. Sina cheo wala taaluma ya afya. Ninachokijua kuhusu kompyuta za hospitali nilianza kujifunza nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi, kisha nikaendelea kwa kusoma usiku, kwa sababu lililompata mama yangu lilininyima usingizi na nilitaka kujua limeanzia wapi.

Mama ana miaka 68. Ana sukari na presha, mambo ya miaka mingi. Mwaka jana alilazwa siku sita katika hospitali moja ya serikali hapa jijini kwa maambukizi kwenye njia ya mkojo. Walimtibu vizuri, nalisema hili mapema. Nimewaona manesi wawili wakihangaika usiku kucha na wodi iliyojaa mpaka kwenye korido, na barua hii haiwashitaki. Ijumaa mchana, baada ya raundi, tukaambiwa mama ameruhusiwa. Aliyewahi kuuguza anaijua furaha ya neno hilo. Nikakimbilia dirisha la malipo, nikapewa namba ya malipo, nikalipa kwa simu, na kabla sijarudisha simu mfukoni kompyuta yao ilishaonyesha kuwa deni limekwisha. Mlinzi akaangalia risiti, akafungua geti, tukapakia godoro na ndoo kwenye bajaji.

Mkononi tulikuwa na karatasi moja. Imeandikwa kwa mkono, kwa Kiingereza, kwa vifupisho. Dawa nne na tarehe ya kurudi kliniki baada ya wiki mbili.

Alfajiri ya Jumapili mdogo wangu akanipigia simu. Mama anatoka jasho, nguo zimelowa, anaongea maneno yasiyounganika, hamtambui mjukuu anayelala naye. Majirani walishajaa. Wapo waliosema ni kiharusi, wapo waliosema mengine. Aliyemwokoa ni mama mmoja anayeuza vitumbua, ambaye mume wake naye ana sukari. Alipoona mama bado anaweza kumeza, alikoroga sukari kwenye maji na kumnywesha kijiko kwa kijiko mpaka bajaji ilipofika. Kwenye kituo cha afya kipimo kilisoma 2.1. Sukari ilikuwa imeshuka mno.

Chanzo tulikipata saa mbili asubuhi, tulipomwaga mezani kopo la maziwa ambamo mama huhifadhi dawa zake. Karatasi ya hospitali ilimwandikia glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari. Ndani ya kopo kulikuwa na glibenklamaidi hiyohiyo, ya kiwanda kingine, kwa jina jingine, aliyoinunua duka la dawa kabla hajalazwa. Rangi ya boksi tofauti, kidonge tofauti. Mama alimeza zote mbili akiamini ni dawa mbili, na hamu ya kula ilikuwa haijamrudia. Kisha tabibu akauliza kama figo zilipimwa. Zilikuwa zimepimwa wodini, na majibu yalikuwa kwenye kompyuta ya maabara yakionyesha kuwa zimechoka, ila kwenye karatasi yetu hayakuandikwa. Akatueleza kwamba figo zikiwa dhaifu, dawa ile hukawia kutoka mwilini na hivyo huendelea kuishusha sukari.

Mheshimiwa, hakuna kilichokosekana. Dawa za nyumbani nesi alizitaja kwenye ukurasa wa kwanza wa faili siku tuliyompokelesha mama, nilimwona akiandika. Majibu ya figo yalikuwepo. Kwamba mchana mama hubaki nyumbani na mtoto wa miaka tisa peke yake, nilimwambia mtu fulani pale wodini, simkumbuki nani. Mambo haya matatu hayakuwahi kukutana mahali pamoja mbele ya mtu mmoja siku ya Ijumaa saa nane mchana. Kitu kimoja tu kilikuwa kimekusanywa chote na kwa uhakika, nalo ni deni.

Ndiyo maana nikaamua kukuandikia. Mfumo wa hospitali ulijua mama anadaiwa shilingi ngapi, kwa dripu ngapi na kipimo gani, na haukukubali atoke mpaka malipo yasome. Naliheshimu hilo, hospitali haiendeshwi kwa maombi. Lakini kama kompyuta inaweza kumzuia mgonjwa kwa sababu ya bili, basi inaweza pia kumsimamisha kidogo kwa sababu ya uhai wake. Ombi langu ni moja: ruhusa isikamilike kwenye mfumo mpaka maswali machache ya usalama yawe yamejibiwa na mwenye jina na zamu yake.

Swali la kwanza ni dawa. Zile alizokuja nazo na zile anazoondoka nazo ziwekwe bega kwa bega kwenye kioo, kwa jina halisi la dawa na siyo jina la boksi, na kila moja iandikiwe: endelea, acha, au badilisha dozi. Kompyuta inaweza kupiga kelele ikiona dawa moja imejirudia, au ikiona dawa ya sukari imeandikwa kwa mtu ambaye majibu yake ya figo si mazuri. Hii ni kazi ambayo mashine inaiweza kuliko daktari aliyekesha. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 lilianzisha kampeni ya kupunguza madhara ya dawa, na kati ya maeneo matatu lililosema yaanze kushughulikiwa, moja ni pale mgonjwa anapohama kutoka mikono ya wahudumu fulani kwenda ya wengine. Mama yangu aliangukia hapohapo. Wala si sisi peke yetu: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 uliwafuatilia wagonjwa 400 waliotoka hospitali kurudi nyumbani, na 76 kati yao walipata madhara yaliyotokana na matibabu katika wiki chache za mwanzo, mengi yakiwa ya dawa. Karibu mmoja kwa kila watano, katika nchi yenye kompyuta kila chumba.

Maswali mengine ni mepesi kuuliza na mazito yakisahaulika. Nani atamwangalia? Anaelekea nyumba ipi? Hili la nyumba lina uzito wake hapa Dar es Salaam. Mgonjwa anaandikishwa "Temeke" au "Ilala", basi. Kumbe ametoka Rufiji, amefikia kwa binti yake Tandika, na wiki ijayo anapandishwa basi kurudi kijijini. Simu iliyoandikwa ni yake mwenyewe, nayo iliishiwa chaji siku aliyolazwa. Namba inayotakiwa ni ya anayemuuguza. Kuna majibu ya vipimo ambayo bado hayajatoka? Kuna mpira wa mkojo, na nani amefundishwa kuuangalia? Anaweza kupanda ngazi, maana chumba chake kipo ghorofani Kariakoo?

Na maswali haya yasingoje siku ya kutoka. Kwa niliyoyasoma, wanaofanya kazi hii vizuri huanza kupanga ruhusa siku ileile mgonjwa anapolazwa. Daktari anakadiria tarehe ya kutoka, kila anayefungua faili anaiona, inasogezwa hali ikibadilika. Kompyuta inajumlisha mambo inayoyajua tayari, kama vile siku alizolala, kama aliingia kwa dharura, magonjwa sugu aliyonayo na mara ngapi amefika dharura miezi sita iliyopita, kisha inasema huyu ana hatari kubwa ya kurudi. Kipimo cha namna hiyo kilitengenezwa Kanada na wengi wanakitumia. Sisi tungeongeza letu: anaishi na nani, na zahanati iko umbali gani. Mgonjwa mwenye alama ya hatari asiruhusiwe Ijumaa jioni kama vile mwingine yeyote. Ndugu waitwe Jumatano, wakae na nesi, waulize.

Yupo atakayesema hayo ni ya nchi tajiri. Nilisoma kuhusu hospitali moja ya Boston ambayo matokeo yake yalitoka mwaka 2009. Walichofanya kwa wagonjwa 749 ni hiki: nusu yao walipewa nesi wa kukaa nao, kijitabu chepesi cha dawa na miadi, na mfamasia wa kuwapigia simu siku mbili hadi nne baada ya kutoka. Waliohudumiwa hivyo walirudi hospitali kwa kiwango kilichopungua kwa karibu asilimia 30. Kijitabu na simu! Baadaye wakatengeneza na programu ya kompyuta inayomsomea mgonjwa kijitabu chake kwa sauti, inarudia kadiri anavyotaka bila kuchoka. Nilipoisoma hiyo nilimfikiria mama, ambaye husoma Kurani vizuri lakini maandishi ya karatasi ile hakuweza, na mimi mwenyewe niliyemaliza kidato cha sita sikuweza pia.

Na sisi tulishafanya mambo kama haya kwa simu za kawaida. Katika kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001 akawa anapokea ujumbe wa Kiswahili bure. Leo mama mwenye uchungu anaweza kupiga 115, mfumo wa m-mama ukamtafutia gari, hata kama ni la dereva wa mtaani, hadi hospitali. Najivunia jambo hilo kwa dhati. Basi njia ya kwenda tumeijenga, na ya kurudi ijengwe.

Hapa ndipo ninapohitaji uwe waziri, Mheshimiwa, maana mhandisi wa kompyuta peke yake hatalimaliza. Hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya wizara yako. Zahanati na vituo vya afya, ambako mgonjwa anaangukia, viko chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, navyo vina mfumo wao wa kompyuta, GoTHOMIS. Mgonjwa anavuka mpaka wa wizara mbili akiwa na karatasi mkononi. Nesi wa zahanati yetu ni mtu makini sana, lakini hakujua kwamba mama alilazwa wala kwamba ametoka. Kama ruhusa ikifungwa hospitali, muhtasari uende papo hapo kwenye zahanati ya mtaa anaokwenda mgonjwa, naye nesi aone asubuhi orodha ya waliorudi. Mwezi Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kuwafikia 137,294 kwa miaka mitano. Hao ndio miguu ya mfumo huu. Mhudumu akipata ujumbe kwamba bibi fulani amerudi, akapita Jumamosi asubuhi na kusema "hebu nione kopo la dawa", Jumapili ile isingetokea.

Tahadhari mbili, nimeziona mwenyewe. Simu za kwetu zinashikwa na watu wengi, mtoto anachezea gemu, shemeji anakopa salio. Ujumbe usitaje ugonjwa. Useme tu: fuata karatasi yako, kliniki ni tarehe fulani, ukiona jasho jingi au kuchanganyikiwa nenda kituo cha karibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na wapo majirani ambao wangezisambaza mtaa mzima kabla ya adhuhuri. La pili ni umeme na mtandao. Siku mfumo ukigoma, watu hawawezi kukaa wodini wakingoja urudi. Iwepo fomu ya karatasi yenye maswali yaleyale, na kila siku mgonjwa aondoke na nakala iliyochapwa, Kiswahili, herufi kubwa, jua na mwezi vikichorwa pembeni ya kila dawa.

Sikuombi uanze nchi nzima. Chukua wodi moja ya magonjwa ya ndani Amana, moja Temeke, moja Mwananyamala. Wape miezi sita. Hesabu wangapi wanarudi ndani ya siku 30, kabla na baada, kisha utangaze namba hizo hadharani hata kama hazipendezi. Wakae chumba kimoja waandika programu, manesi wa wodi, nesi wa zahanati na ndugu wawili watatu waliowahi kuuguza. Mimi niko tayari kuja siku yoyote, hata kwa nauli yangu, na nitakuja na ile karatasi.

Mama anaendelea vizuri. Ile dawa walimwachisha siku hiyohiyo. Kopo la maziwa bado liko juu ya kabati, na kwenye mfuniko nimebandika kipande cha daftari: majina ya dawa, saa za kumeza, na namba yangu ya simu.

Wako,
Binti wa mgonjwa,
Mbagala, Dar es Salaam