Tembe la Kwihara halitaki saruji

Mhariri,

Kiangazi ndicho kipindi kizuri cha shule kupeleka wanafunzi kwenye makumbusho ya Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Tunawaomba walimu wasiishie kwenye barua na picha za Livingstone, mvumbuzi na mmisionari Mwingereza. Kumbukumbu kubwa kuliko zote pale ni nyumba yenyewe: tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa.

Historia yake mnaijua. Kwihara ndiko alikokaa liwali wa Waarabu wa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na huko Livingstone alisubiri hadi Agosti 1872 wapagazi waliotumwa kutoka pwani na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta. Mwaka uliofuata Livingstone alikufa, na Susi na Chuma, watumishi wake Waafrika, walipita hapa wakiupeleka mwili wake pwani. Cameron, msafiri Mwingereza waliyemkuta hapa, akawashauri wauzike hukuhuku, wakakataa. Mwanafunzi asiyesikia habari za Susi na Chuma ameondoka na nusu ya historia.

Baada ya mlango wa kuchonga na ua wa ndani, inueni macho. Paa la tembe ni bapa: boriti, juu yake fito, kisha nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa. Adui yake ni ufa. Jua hupasua udongo, mvua za Novemba hupenya, udongo ulioloa huongezeka uzito, na boriti iliyokwisha kuliwa na mchwa hukatika. Kwa hiyo nyufa huzibwa Oktoba, na mtoto asipande juu hata kwa ajili ya picha.

Kuta nazo zina hatari yake, na hapa ndipo wenye nia njema huharibu. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu unabaki ndani, udongo unalainika nyuma ya plasta, na siku plasta inapobanduka inaondoka na kipande cha ukuta. Gonga kwa kifundo cha kidole: ukisikia mlio wa uwazi, plasta tayari imeachana na ukuta.

Kiraka cha tembe ni udongo wa kichuguu sehemu moja, mchanga sehemu mbili, na nyasi kavu zilizokatwa fupi. Loweka siku nzima, kanda, kisha lowesha ukuta kabla ya kupaka. Tabaka lisizidi sentimita mbili. La pili lisubiri la kwanza likauke kivulini. Jaribu kwanza mahali padogo, maana vichuguu havifanani. Kikipasuka, ongeza mchanga. Kikipukutika ukikisugua, ongeza udongo. Haraka ya kukausha juani ndiyo inayowaponza mafundi wengi, na tunasema hivyo kwa uchungu.

Lakini asishike mwiko wa uashi mtu yeyote bila kibali. Jengo la namna hii linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mgeni anayeona ufa mpya amwonyeshe mtunzaji palepale, ampe na picha yenye tarehe, ili mafundi waukute kabla ya mvua.

Mafundi wa nyumba za udongo,
Tabora