Somo, mzuie mtu wa msumeno

Somo yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote waliokuzunguka, na nazikatisha hapo hapo maana nina haraka. Miezi saba nimekaa kimya, nakiri, na lawama zangu niwekee tutakapoonana. Kilichonikurupusha ni ujumbe wako wa jana: eti mti umegeuka manjano, unakufa, na mtu wa msumeno anakuja Jumamosi. Mwambie asije. Mwambie umesafiri, mwambie unaumwa, mwambie lolote.

Ile picha nimeitazama mpaka macho yakauma. Manjano yako wapi? Yako kwa ndani, kwenye majani makongwe ya kila tawi. Ncha zote ni kijani kibichi! Hilo ndilo la kutazama kabla ya kumwita mtu. Naitrojeni na fosforasi, ambazo ni chakula cha mti, huhama ndani yake: zikiwa haba, mti huzichomoa kwenye majani ya zamani na kuyapelekea machanga. Chuma na kalsiamu hazihami kirahisi hivyo, ndiyo maana zikikosekana majani machanga ndiyo huumia kwanza. Kama manjano yangeanzia kwenye ncha, ningeogopa pamoja nawe. Lakini huo mti wako ni kama mpangaji anayehama, hatoki mikono mitupu.

Hebu weka barua chini kidogo. Chuma jani moja lililoanza kugeuka, uliinue juani. Utaona manjano yametanda katikati ya mishipa, na kandokando ya mishipa pamebaki ufito wa kijani. Umeuona? Mishipa ndiyo njia ya kutolea mizigo, kwa hiyo seli zilizo jirani nayo ndizo huzimwa mwisho. Mimi nilipouona ufito huo mara ya kwanza nilikaa na jani mkononi hadi chai ikapoa. Nilikuwa nimezoea kudhani jani huzeeka tu likafa, kumbe linafunguliwa kipande kipande. Protini zinavunjwa, hasa ile inayonasa hewa ya kaboni, wanaiita rubisko, ambayo peke yake huweza kushika hadi robo hivi ya naitrojeni yote ya jani. Na kichekesho ni hiki: klorofili, ile rangi yenyewe inayokutia hofu ikipotea, mti hauitaki sana. Huivunja ili kuzifungua protini zilizoshikamana nayo, na sehemu kubwa ya mabaki yake hudondoka na jani.

Mwisho kikonyo hujitenga pale kilipogusana na tawi, ukuta mwembamba wa seli hujengeka, na jani huanguka hata kukiwa hakuna upepo. Waliopima miti ya kila aina, huku na huko duniani, wanakuta kwa wastani zaidi ya nusu ya naitrojeni na fosforasi imesharudi ndani kabla jani halijagusa ardhi. Penye udongo fukara wa fosforasi, jani hukombwa zaidi ya hapo. Kalsiamu ndiyo hubaki.

Sasa nirudi kwenye mchanga wako ule mweupe. Mwaka juzi si wewe uliyelalamika kwamba majani ya mti huo ni magumu kama soli ya kiatu, na hayaozi? Ni habari hiyo hiyo, somo. Penye udongo mkarimu mti unaweza kutengeneza majani laini, ukayatumia msimu mmoja, ukayatupa. Penye njaa, kila jani ni mali. Linajengwa nene, linatiwa tanini, ule ukakasi unaokausha kinywa, ili wadudu walikinai, halafu linatumikishwa miaka. Waiban, wenyeji wa kisiwa cha Borneo, wana neno, kerangas, yaani ardhi isiyoweza kuotesha mpunga. Mchanga mweupe, maji yenye rangi ya chai, lakini juu yake umesimama msitu mzima wenye majani madogo mazito. Yule bwana wako na msumeno wake angepelekwa huko sijui angeanzia wapi.

Na kabla hujakimbilia mbolea (najua Shangazi ameshakushauri, namjua), ujue kwamba udongo fukara si wa namna moja. Huko Hawaii kuna mti unaitwa ohia. Unaota kwenye lava yenye umri wa miaka 300, unaota pia kwenye kisiwa cha Kauai huko huko, kwenye udongo wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 4. Kwenye lava changa njaa yake ni ya naitrojeni, kwa sababu haitoki kwenye mwamba. Kwenye udongo mkongwe njaa ni ya fosforasi, maana nyingine imesombwa na mvua na iliyobaki imefungwa na chuma na alumini. Mti ni ule ule, dawa ni mbili tofauti. Shangazi anajua ni ipi?

Mimi sikuuliza, nikaumbuka. Ile banksia yangu ya kwenye chungu unaikumbuka? Nilikwambia ilikufa kwa kiu. Niliiua mwenyewe, kwa mbolea ya fosfeti, yaani yenye fosforasi, tena konzi nzima, kwa mapenzi. Kwao kusini magharibi mwa Australia fosforasi ni haba mno, hata mafuta ya utando wa seli kwenye majani yao mengi hubadilishwa: ya fosforasi hutolewa, yakaingia ya sukari na salfa. Sasa mti wa namna hiyo ukimwagiwa fosfeti hauna breki, unafyonza tu. Kingo za majani zikaungua nyeusi, wiki chache nikazika. Sikukwambia kwa aibu. Basi na lako la msumeno lisikutie aibu.

Lakini la kufagia nitakugombeza. Kila asubuhi unafagia majani, unayarundika, unayatia kiberiti. Mti umeokoa zaidi ya nusu, sawa, ile iliyobaki ulikuwa unaingoja chini kwa mizizi. Ukichoma, naitrojeni karibu yote inakwenda na moshi. Majivu yanabakiza potasiamu na kalsiamu na fosforasi, nawe unayazoa na kuyatupa nje ya uzio! Kwenye misitu ya udongo fukara ya mto Rio Negro, upande wa Venezuela, mizizi imesukana kama mkeka juu ya ardhi, hapo hapo kwenye majani makavu. Watafiti walinyunyiza fosforasi na kalsiamu zenye alama ya kuzifuatilia juu ya mkeka ule, na kilichovuja kwenda chini hakikufika hata asilimia moja. Fukua kidogo chini ya rundo la jana kama hujalichoma. Nadhani utakuta vijizizi vyeupe vimeshafika.

Nina ombi, nataka kupima mti wako huokoa kiasi gani. Nichumie majani kumi mabichi yaliyokomaa, na uniokotee kumi yaliyoanguka asubuhi hiyo hiyo, kabla ya mvua, maana mvua huosha potasiamu. Kila jani lizungushie kalamu kwenye karatasi ya hesabu ili nipate eneo lake. Uzito peke yake hudanganya, kwa kuwa jani likianguka lenyewe limeshapungua uzito. Kausha, tia kwenye bahasha mbili, andika ipi ni ipi. Usifanye kama mara ile ya mbegu.

Haya, niambie. Umempa yule bwana kitangulizi, na atarudisha? Manjano yamepanda tangu picha ile au yamesimama pale pale? Chipukizi mpya zimetoka mwezi gani? Chini ya mti kuna kunde au chochote cha jamii hiyo kinachojiotea? Majivu ya miaka yote hii yako wapi hasa, si ndiyo lile tuta Mzee alilolipandia maboga? Na wewe mwenyewe, mgongo umepona, au ndiyo huko kufagia?

Nipigie kabla ya Jumamosi.

Mimi somo yako,
mwenye chungu kitupu