Namba ya simu si paswedi ya waifai

Wiki iliyopita tuliitwa na mama mmoja mwenye gesti huku Majengo, Moshi. Bando la mwezi lilikuwa linakata kabla ya tarehe 15, naye alishatoa hukumu: vijana wa mtaani wamevunja ile kinga ya waifai tuliyomfungia. Hapana, mama, hakuna aliyevunja kitu. Paswedi ilikuwa namba yake ya simu, na namba yenyewe iko kwenye bango la nje, imeandikwa kubwa kuliko jina la gesti.

Hata asingekuwa na bango, bado angepigwa. Usimbaji, yaani ile njia ya kuficha data kwa ufunguo wa siri, unaotumika kwenye ruta za sasa unaitwa AES. Ni wa tangu 2001 na ufunguo wake mfupi kabisa una biti 128, yaani sifuri na moja 128 mfululizo. Kuzijaribu funguo zote hakuwezekani, hata ukikusanya kompyuta zote duniani. (DES, uliotangulia, ulikuwa na biti 56 tu. Mwaka 1998 mashine moja huko Marekani iliufungua kwa saa 56.) Basi mwizi hajisumbui na AES. Anakaa jirani, anasubiri simu ya mgeni iunganike, ananasa zile salamu ambazo simu na ruta hupeana, kisha huyoo, anaenda zake. Akiwa kwake, kadi ya kuchezea magemu inabahatisha paswedi laki tano kwa sekunde, kila moja ikipimwa kwa salamu alizonasa, na ruta yako haina habari.

Sasa piga hesabu. Namba zetu za simu zina tarakimu kumi, lakini huanza na 06 au 07. Zinabaki nane, yaani jumla ya namba milioni 200. Dakika saba haziishi, zote zimeshajaribiwa. Herufi ndogo na tarakimu zilizochanganywa ovyo, jumla 12, kwa kasi hiyo hiyo? Miaka laki tatu.

Halafu kuna WPS, ile PIN ya tarakimu nane kwenye stika chini ya ruta, inayokuingiza kwenye waifai bila kuandika paswedi. Hii ndiyo inayotuudhi zaidi. Ruta inaikagua nusu nusu: ukikosea nne za mwanzo, inakuambia hapo hapo. Na ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile saba. Kwa hiyo badala ya mamilioni, majaribio yanayohitajika ni 11,000. Udhaifu huu ulitangazwa 2011, na bado tunakuta ruta za zamani zimeuacha wazi. Tukija kwako tunaizima WPS kwanza, kisha tunawatenga wageni kwenye mtandao wao, mbali na kompyuta ya ofisi.

Mama aligoma kidogo: "Wageni wangu wametoka kushuka mlimani, vidole vina ganzi, leo waandike herufi kumi na mbili?" Tukamchapia karatasi ya QR, wanaskani tu pale mapokezi. Tulimwomba jambo moja: asiibandike kwenye dirisha linalotazama barabara.