Barua kwa ofisi iliyonitayarishia kodi: deni nililosamehewa si mshahara

Greensboro, North Carolina
9 Februari 2026

Kwa Meneja,
Ofisi ya Kutayarisha Ritani za Kodi.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU RITANI ZANGU ZA MWAKA 2022, 2023 NA 2024

Mimi ni mteja wenu tangu mwaka 2023. Ni nesi, naishi peke yangu, sina nyumba yangu wala biashara, kwa hiyo ritani yangu haina makorokoro. Nilikuja kwenu kwa sababu mnahudumia kwa Kiswahili. Kiingereza cha kazini nakimudu, lakini mtu akianza kunieleza kodi kwa Kiingereza naitikia tu ili yaishe. Kumbe kwa Kiswahili pia nilikuwa naitikia tu. Riba ya mkopo wa masomo, ambayo ilipaswa kunipunguzia kodi, hamkuipunguza hata mara moja. Mkopo niliosamehewa, ambao haukupaswa kuigusa kodi yangu, mkauandika kuwa mapato.

Naanza na riba. Nilisoma unesi kwa mikopo miwili, mmoja wa serikali kuu na mwingine wa benki. Ule wa serikali ulisimamishwa wakati wa korona, riba ikawa sifuri, lakini benki haikumwonea mtu huruma. Kila Januari benki hunitumia fomu 1098-E inayoonyesha riba niliyolipa mwaka uliopita: dola 1,912 kwa mwaka 2022, 1,786 kwa 2023 na 1,640 kwa 2024. Zote tatu nilizileta ofisini kwenu kwa mkono wangu. Ile ya kwanza naikumbuka vizuri, kwa sababu kijana wenu aliitazama mbele na nyuma, akaibana kwa pini nyuma ya faili akasema, "Hii ya riba ni kwa wenye nyumba, dada. Wewe huna nyumba."

Alichanganya mambo mawili. Riba ya mkopo wa nyumba ndiyo inayomtaka mtu aorodheshe matumizi yake moja moja na kuliacha lile punguzo la kawaida wanalopewa walipa kodi wengi. Riba ya mkopo wa masomo haina sharti hilo. Inaandikwa kwenye Jedwali la 1 la fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe, mstari wa 21, na punguzo la kawaida unabaki nalo. Kikomo ni dola 2,500 kwa mwaka. Asiyeruhusiwa ni anayetajwa kama tegemezi kwenye ritani ya mtu mwingine, au mwanandoa anayejaza peke yake mbali na mwenzake, au mwenye kipato kilichopita kiwango. Mimi simo hata kundi moja. Kwa hesabu niliyofanyiwa, mlininyima kama dola 1,174 za kodi ya serikali kuu kwa miaka hiyo mitatu, bado ya jimbo.

Hilo ningeweza kulimeza. La pili limenikaa kooni.

Juni 2023 mkopo wangu wa serikali ulifutwa chini ya PSLF, mpango wa kuwasamehe watumishi wa umma na wa taasisi zisizo za faida, uliowekwa na sheria ya mwaka 2007. Hospitali ninayofanya kazi ni ya namna hiyo. Nilimaliza malipo 120, ikihesabiwa pamoja na miezi ya korona, na salio la dola 38,460 likafutwa. Barua ilisema deni sasa ni sifuri. Niliipiga picha nikamtumia mdogo wangu Tanga, ambaye Bodi ya Mikopo inamkata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Akanijibu, "Huko mnasamehewa kweli?" Nikamwambia kweli.

Machi 2024 nikawaletea barua ile ile, si kwa sababu mliitaka, bali kwa sababu mimi ni mtu wa kutunza makaratasi. Kijana wenu aliisoma akatikisa kichwa. "Deni lililofutwa ni mapato, dada. Hiyo ndiyo sheria ya Marekani." Akaingiza 38,460 kwenye kompyuta, na ule mstari wa pale juu uliokuwa unaonyesha nitarudishiwa pesa ukageuka kuwa deni mbele ya macho yangu.

Sikatai kwamba kwa kawaida deni likifutwa huku linahesabiwa kuwa mapato. Ukisamehewa deni la kadi ya benki, utaletewa fomu 1099-C, ya kutaarifu deni lililofutwa, na utalipa kodi. Ila mikopo ya masomo ina milango yake kwenye sheria, na PSLF ni mmoja wa milango iliyo wazi siku zote. Msamaha wake hauhesabiwi kuwa mapato kwa serikali kuu, mwaka wowote. Ndiyo maana sikuwahi kuletewa 1099-C. Kijana wenu hakujiuliza kwa nini hakuna fomu hiyo. Alichukua barua ya pongezi akaifanya hati ya mshahara.

Nilipouliza kuhusu jimbo, akaniambia North Carolina inatoza misamaha, alisikia kwenye habari. Alisikia nusu. Jimbo letu lilikataa kuufuata ule msamaha wa muda wa kodi kwa mikopo ya masomo iliyofutwa, uliowekwa na Bunge la Marekani mwaka 2021, na hilo ndilo lililozungumzwa sana mwaka 2022. PSLF iko kwenye kifungu kingine, cha zamani, ambacho jimbo linakifuata.

Matokeo yake ni haya. Mshahara wangu wa 2023 ulikuwa dola 60,500. Mkauongeza hadi 98,960. Nikadaiwa kama dola 8,461 zaidi na serikali kuu, na 1,827 na jimbo. Tena, kwa mwaka huo punguzo la riba lilikuwa linaanza kupungua kwa mtu asiye na ndoa kipato kikifika dola 75,000, na kufutika kabisa kikifika 90,000. Maana yake, hata kama mngeikumbuka riba yangu, yale mapato hewa yangeizuia.

Nilitoa akiba ya nauli ya kwenda nyumbani, iliyobaki nikaomba kulipa kwa awamu, dola 200 kila mwezi. Mwaka uliofuata nilistahili kurudishiwa dola 1,210, IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, ikazichukua zote kupunguza deni ambalo halikuwepo. Nyinyi mkanitoza asilimia 10 ya pesa hiyo, dola 121, na mimi sikuishika hata senti. Kwa ritani ya 2022 mlinitoza 134 kwa utaratibu huo huo wa asilimia, na kwa ile ya 2023 mlinitoza 450 kwa maelezo kwamba "kazi ilikuwa ngumu".

Nimeyajua haya Januari mwaka huu. Nesi mwenzangu wa zamu ya usiku alifutiwa mkopo mwaka ule ule kama mimi, na tukiwa tunakunywa chai akashangaa kusikia bado nalipa. "Unalipa nini?" Sikuwa na jibu. Jumamosi nikapeleka mafaili kwa watu wa mpango uitwao VITA, wanaosaidia watu kujaza ritani za kodi bila malipo. Mama mmoja mzee alivua miwani, akafungua ukurasa wa pili wa ritani zangu, akaweka kidole chini kabisa, mahali pa sahihi ya aliyelipwa kuitayarisha. Patupu. Hakuna jina, hakuna sahihi, hakuna namba ya PTIN ambayo kila anayetayarisha ritani kwa malipo lazima awe nayo. Zote tatu. Kwetu tumezoea kusikia wafanyakazi hewa; sikujua kuna na waandaaji hewa. Ukiangalia makaratasi, ritani hizo nilijaza mwenyewe na makosa ni yangu.

Ninachotaka ni ritani zote tatu zirekebishwe kwa fomu 1040-X, pamoja na za jimbo, bila malipo, zikiwa na sahihi na PTIN ya mtu anayejua anachofanya. Ya 2022 haina muda wa kusubiri: dirisha la miaka mitatu la kudai kurudishiwa kodi linafungwa katikati ya Aprili mwaka huu. Pia nirudishiwe ada zenu zote, dola 705, na mnilipe adhabu au riba yoyote ya ucheleweshaji ambayo IRS na jimbo hawatanirudishia. Nisipopata jibu la maandishi kufikia Ijumaa, 20 Februari, napeleka fomu 14157, ya malalamiko dhidi ya watayarishaji, pamoja na nakala za ritani zisizo na sahihi.

Na kwa kuwa wengi wa tunaosali pamoja ni wateja wenu, naomba msije mkayumba upande wa pili. Ule msamaha wa muda wa mwaka 2021 uliisha tarehe 31 Desemba 2025. Atakayetimiza masharti ya kufutiwa mkopo mwaka huu kwa mipango ya kulipa kulingana na kipato, baada ya miaka 20 au 25, kodi ya serikali kuu inamhusu, labda kama madeni yake yanazidi mali zake na akajaza fomu 982, ya kueleza kwa nini deni hilo lisihesabiwe kuwa mapato. Msimwambie, "Usijali, wa masomo haukatwi." Kwanza muulizeni umefutwa kwa mpango gani na tarehe ngapi.

Bahasha yangu ya kaki, yenye zile 1098-E tatu na barua halisi ya kufutiwa mkopo, bado iko kwenye droo ya kijana wenu. Nitapita kuichukua siku hiyo hiyo ya Ijumaa saa tisa alasiri, nikitoka kazini. Tafadhali iachwe mapokezi.

Mteja wenu,
Nesi, Greensboro