Presha haingoji siku ya kliniki

Ndugu Mhariri,

Kila mjadala wa mifumo ya matibabu unapozuka, kama kwenye takwimu za kulinganisha mifumo mlizochapisha, watu hugombania swali moja: nani amtibu mgonjwa, daktari bingwa, daktari wa kawaida au muuguzi? Kwa ugonjwa kama presha, swali hilo liko pembeni. Mgonjwa huonana na mtaalamu kwa dakika chache, mara moja kwa mwezi au kwa miezi mitatu. Siku zilizobaki yuko peke yake na vidonge vyake. Tunaomba mifumo ilinganishwe kwa jinsi inavyomshika katika siku hizo.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 56 mwenye presha ya 162/98, ambaye hajawahi kutumia dawa. Katika mfumo uliozoeleka anapimwa mara moja, bado anahema kwa kupanda ngazi, kisha daktari anamwandikia dawa ya presha, amlodipini 5 mg, na kumpa tarehe ya mwezi ujao. Akirudi anasoma 154/92. Daktari anajiuliza: labda hajapumzika, labda ana wasiwasi, labda hakumeza dawa. Nje foleni ni ndefu. Anaandika “aendelee na dawa” na kumpa tarehe nyingine. Mwaka unakwisha, dozi ni ileile na presha ni ileile. Si kwamba daktari hajui dawa. Namba iliyo mbele yake haiamini, na namba isiyoaminika haimsukumi mtu kuchukua hatua.

Ndiyo maana mfumo wa timu, ambamo muuguzi au mfamasia hutibu kwa mwongozo chini ya usimamizi wa daktari, huanzia kwenye kiti. Mgonjwa akae dakika 5 kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, bila kukunja nne. Awe amekwenda haja ndogo, na awe hajavuta sigara wala kunywa kahawa kwa nusu saa. Mkono ulale juu ya meza, mkanda wa kipimo ukiwa usawa wa moyo na juu ya ngozi, si juu ya mkono wa sweta. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza presha ambayo mgonjwa hana, wakati mwingine kwa zaidi ya milimita 10 za zebaki, kipimo cha presha. Na asipigwe soga! Mazungumzo nayo hupandisha namba. Apimwe mara mbili, kwa nafasi ya dakika moja au mbili, ichukuliwe wastani. Yote haya hayahitaji bingwa, ila yanahitaji mtu mwenye muda, na daktari wa foleni hana muda huo.

Kipimo kikiaminika, mwongozo wa hatua unafanya kazi. Juu ya 140/90, anayehudumia hasubiri “tuone mwezi ujao”. Mama wetu anaweza kuanzishiwa dawa mbili za aina tofauti kwa dozi ndogo, tuseme amlodipini 5 mg na losartani 50 mg, kwa kuwa kuongeza dawa ya aina nyingine hushusha presha takriban mara 5 kuliko kuzidisha dozi ya ile ya kwanza. Tena amlodipini ikipandishwa hadi 10 mg huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu, na baadhi yao huacha dawa kimyakimya. Arudi baada ya wiki 4. Kama ana figo dhaifu, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na potasiamu (chumvi ya damu) vipimwe ndani ya wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza losartani. Mwanamke mwenye ujauzito au anayeutarajia asipewe losartani kabisa.

Ushahidi upo. Kaiser Permanente, shirika la huduma za afya la Marekani, kaskazini mwa California, walijenga rejesta ya wagonjwa wote wa presha, wakaweka mwongozo mmoja, dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, na ziara fupi za kupimwa na wasaidizi wa tabibu. Wagonjwa ambao presha yao ilidhibitiwa walipanda kutoka takriban asilimia 44 mwaka 2001 hadi 80 mwaka 2009. Utafiti uliochapishwa 2018 uliwagawa wanaume Weusi 319, wateja wa vinyozi vya Los Angeles, katika makundi mawili, na wafamasia wakalitibu moja kwa mwongozo hukohuko kwa kinyozi. Baada ya miezi 6, namba ya juu ya presha ya kundi hilo ilishuka kwa wastani wa milimita 27. Kundi la pili, ambalo kinyozi alilishauri tu kubadili mienendo na kwenda kwa daktari, lilishuka 9. Na tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linakubali wauguzi na wafamasia watibu presha, mradi wamefunzwa, wana mamlaka ya kuandika dawa, wana mwongozo, na daktari anawasimamia.

Mamlaka ya kuandika dawa ndiyo huachwa mara nyingi. Muuguzi anapima vizuri, anaona 158/94, kisha anamrudisha mgonjwa kwenye foleni ya daktari ili dawa ibadilishwe. Huo ni mfumo wa zamani ulioongezewa meza moja. Ugonjwa mwingine wa mfumo wa timu ni rejesta isiyofunguliwa. Mtu akikosa tarehe, apigiwe simu ndani ya wiki, si pale atakapoletwa na kiharusi. Na mwenye presha, kisukari na maumivu ya magoti akipewa kliniki tatu zenye kadi tatu, atamezeshwa diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, inayopandisha presha ile ile inayotibiwa dirisha la pili.

Bingwa abaki na kazi yake: presha inayogoma ingawa mgonjwa anameza kweli dawa tatu kwa dozi kamili, mojawapo ikiwa ya kupunguza maji mwilini, presha kali kwa kijana wa chini ya miaka 30, potasiamu iliyoshuka bila sababu. Aliye na 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kupooza upande mmoja au kuchanganyikiwa si wa kliniki yoyote. Huyo akimbizwe kitengo cha dharura.

Mwisho, hesabu. Kliniki yenye wagonjwa 200 kwenye rejesta, waliofika 120, walio chini ya 140/90 wakiwa 84, inaweza kutangaza mafanikio ya asilimia 70. Ukigawa kwa wote 200, ni asilimia 42. Wale 80 ambao hawakuonekana hawajulikani wana presha gani, nao ndio wanaotofautisha mfumo mmoja na mwingine. Gazeti lako likichapisha tena takwimu za kulinganisha mifumo, tunaomba waandishi waulize kwanza: mmegawa kwa wangapi?

Ni sisi,
Matabibu na wauguzi wa kliniki za presha