Barua kwa mwanangu: nani anasali naye usiku?

Mwanangu,

Picha za siku ya wazazi shuleni kwa mwanao zimefika. Mama yako alizisogeza karibu na pua, maana macho yake sasa ndiyo hivyo, akasema umekonda. Mimi sikuona kukonda. Niliona umesimama mbele ya wazazi wenzako na karatasi mkononi, na mwalimu mkuu amekaa pembeni anakusikiliza. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi! Nimemwonyesha kila aliyepita hapa mlangoni, hata kijana aliyekuja kusoma mita.

Ila siandiki kwa ajili ya picha. Naandika kwa ajili ya simu ya Jumapili. Ulipoinuka kwenda kufungua mlango ukamwachia mtoto simu, mazungumzo yakanikauka, nikamuuliza kile ambacho babu huuliza akikosa la kusema: umeshasali leo? Akanijibu, "Babu, leo si siku ya shule."

Hakusema kwa utundu. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba leo hakuna haja ya kuvaa sare. Kisha ukarudi, ukachukua simu, tukaongea habari za dawa za mama yako. Mimi nilikuwa nakuitikia tu, akili iko kwenye lile jibu. Tangu siku hiyo nikilala najiuliza: nani anasali naye usiku?

Najua utaniambia yuko mahali pazuri, shule ya Kanisa. Yuko, na sibishi. Wanaanza siku kwa sala mstarini, saa sita kengele ikilia wanasimama kwa sala ya Malaika wa Bwana, Ijumaa za Kwaresima wanapita vituo vyote 14 vya Njia ya Msalaba, na Oktoba wanasali rozari kwa zamu za madarasa. Mtoto wa darasa la pili anajua majina ya watakatifu kuliko mimi. Tena yule mtoto mwenzao alipofiwa na baba yake, mlivyojigawa kumpeleka na kumrudisha mwezi mzima ili mama yake apate kupumua, nilimwambia mama yako, hilo ndilo Kanisa lenyewe, hata bila padre. Ulilipanga wewe. Nililijua kwa mtu mwingine, kwa sababu wewe hukusema. Kwa hilo umenizidi mbali.

Basi mtu anayeweza kupangia familia thelathini ratiba ya kumbeba mtoto wa mwenziwe anashindwaje kukaa dakika tano kwenye kitanda cha mwanawe?

Nikuambie nilichokiona nilipokuja kwenu. Hukukiona, ulikuwa unajibu ujumbe wa kamati. Tulikaa mezani, kila mtu akaanza kula. Mtoto hakuanza. Aliunganisha mikono, akatutazama mmoja mmoja akisubiri. Alinitazama mimi pia. Nilidhani anakusubiri wewe mama yake. Alipoona hakuna anayeanza, aliinamisha kichwa haraka sana, midomo ikacheza kidogo, akafanya ishara ya msalaba ndogo, hapa kifuani tu, kama mtu anayejikuna. Halafu akala. Miaka saba, na ameshajifunza kuificha sala yake ili asiwaaibishe wakubwa wake. Mimi nikiwa mmoja wa hao wakubwa.

Hilo la mezani nimelibeba miezi minne bila kukuambia, nikidhani litapita.

Paroko wetu aliniazima kitabu cha Sheria ya Kanisa, ile ya mwaka 1983, na unanijua mimi na vitabu vya sheria. Kanuni ya 914 inahusu watoto kuandaliwa kwa Komunyo ya Kwanza, kupokea Mwili wa Kristo mara ya kwanza, kama mwanao sasa. Inasema jukumu hilo ni la wazazi kwanza, na wale wanaoshika nafasi ya wazazi, kisha paroko. Nimeisoma mara tatu nikitafuta neno shule. Halimo. Halafu nikafungua ya 796, nayo nikacheka peke yangu, maana kamati yako imo: wazazi washirikiane na walimu, walimu wawasikilize wazazi, na vyama vya wazazi viundwe na vithaminiwe. Kwa hiyo usidhani napuuza vikao vyako. Vimo kwenye sheria. Lakini hicho kikao cha 914 kimo pia, na hakina mwenyekiti wala katibu, ni wewe na mtoto.

Na lile tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la mwaka 1965 kuhusu malezi ya Kikristo ndilo kali zaidi. Linasema wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu, na wakikosekana, ni vigumu pengo lao kuzibwa. Sista ana watoto arobaini darasani. Atawafundisha maneno, na atayafundisha vizuri. Ila mtoto anajua neno ni la kweli akiliona kwa mtu anayempenda, siku ambayo hakuna anayesahihisha daftari.

Unaweza kusema bado mdogo. Hapana. Zamani watoto walisubirishwa mpaka miaka 10 au 12, wengine zaidi, ndipo wapokee. Papa Pio wa Kumi ndiye aliyelifungua hilo mwaka 1910, akasema umri ni ule wa mtoto kuanza kutumia akili, kama miaka saba hivi, na inatosha ajue kuutofautisha Mkate ule na mkate wa kawaida. Mwanao amefika. Sasa akili inayomtosha kujua tofauti hiyo inamtosha pia kuona kwamba mama yake anasimama vizuri sana kwenye Misa ya shule, kiti cha mbele, na Jumapili ya kawaida wanalala mpaka jua kali.

Nimesema vibaya. Jumapili zote silali kwenu, siwezi kujua. Lakini unajua ninachosema.

Mimi nilikuwa mtu wa ada. Hilo utanikubalia, ada yako haikuwahi kuchelewa hata muhula mmoja, na masista walikuwa wakinisalimia kwa jina. Nilidhani nikilipa nimemaliza. Jumapili kulikuwa na gari la kuangaliwa, gazeti la kusomwa, na mama yenu aliwatosha. Ile safari ya kazi ya siku ya Komunyo yako ingeweza kusogezwa. Hakuna aliyeniuliza kama inasogezeka, nami sikusema. Lakini sikuanza barua hii kwa ajili ya hayo.

Sasa sikiliza ya kuchekesha. Tangu macho ya mama yako yapungue, rozari naongoza mimi. Mara ya kwanza nilihesabu Salamu Maria tisa badala ya kumi nikaruka kwenye Atukuzwe, akakohoa. Nikajua. Siku nyingine nikafika kumi na mbili, akanyamaza, akasema mwishoni kwamba mbili za juu amewaombea marehemu. Ninatumia kile kitabu chako cha sala cha shuleni, kile chenye jalada uliloshonea kitambaa, kilikuwa kwenye sanduku la vyombo. Wewe na mwanao mlipokuja likizo, usiku mmoja umeshalala nilikaa naye tukaanza. Ilikuwa Alhamisi. Nikafungua, nikasoma Matendo ya Furaha, yale matukio ya kutafakari kwenye rozari, kama kitabu kinavyosema. Akanigusa goti. "Babu, Alhamisi ni Matendo ya Mwanga." Nikamwambia hayamo humu. Akakichukua, akapekua kurasa zote kwa kidole, akakuta kweli hayamo, akakifunga, akaniambia nisijali, ataniambia yeye. Akayataja yote matano kwa kichwa: ubatizo Mtoni Yordani, harusi ya Kana, kutangazwa kwa Ufalme, kugeuka sura, Ekaristi. Nilipomuuliza paroko akaniambia hayo yaliongezwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002, na kitabu chako ni cha kabla ya hapo.

Mzee mzima nafundishwa rozari na mtoto aliyening'iniza miguu kwenye kochi. Ningependa ungekuwa macho ukaona uso wake. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mwenzake wa kuzungumza naye lugha yake. Ndiyo maana nakuuliza, na utanisamehe nikirudia: nani anasali naye usiku akiwa kwenu?

Kuna jambo jingine, nalo ni zito kidogo. Aliniuliza kwa nini baba yake hapokei Komunyo. Nilimpa bibi yake simu. Ndiyo, nilikimbia. Mume wako ni mtu mwema, wa kanisa jingine, nasi tulishalizungumza hilo kabla ya ndoa na likaisha. Tena nimemwona kwa macho yangu akimfunika mtoto shuka na kumwekea mkono kichwani akiomba kwa namna ya kwao. Huenda kwenu anayesali naye ni yeye, na mimi nakusumbua bure. Kama ndivyo, mshukuru, na uende ukakae upande wa pili wa kitanda. Lakini swali la mtoto lijibuni nyinyi wawili, mkiwa pamoja, kwa maneno mepesi, kabla hajaliuliza darasani. Akiulizia darasani atajibiwa kanuni. Kanuni haitamwambia kwamba baba yake anapendwa na Mungu.

Ya Komunyo yenyewe. Kwanza Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, hilo utaambiwa na katekista. Usimwandikie dhambi kwenye karatasi, yaliyokupata wewe unayajua. Mwache aende na zake. Akitoka usimuulize alisema nini wala alipewa malipizi gani. Siku ya kupokea asile saa nzima kabla, maji na dawa havina neno, kwa hiyo ule ugonjwa wake wa kifua usikutie hofu. Viatu visiwe vipya kabisa, avivae wiki moja ndani ya nyumba, la sivyo atakumbuka malengelenge tu. Na msimamizi wake wa ubatizo mpigie simu mapema. Tulimchagua kwa kuwa alikuwa rafiki yako, lakini aliahidi mbele ya altare, basi tumkumbushe.

Cheti chake cha ubatizo nimekiweka ndani ya bahasha hii. Angalia tarehe ya kuzaliwa, imekosewa kwa siku moja. Niliyejaza ile fomu ni mimi, nilikuwa na haraka. Itabidi uiombe parokia mlikombatizia ilinganishe na kitabu chao ikurekebishie, nenda na hati ya kuzaliwa, usingoje wiki ya mwisho.

Pamoja na cheti kuna mshumaa. Ni ule wa ubatizo wake. Mliuacha kwenye kabati letu siku ile mkisema mtaupitia, na umekaa humo miaka yote kati ya mashuka, umepinda kidogo kwa joto. Nimeuviringisha kwenye gazeti. Ulipowashwa kwenye Mshumaa wa Pasaka, padre alisema mwanga ule mmekabidhiwa wazazi na wasimamizi muutunze usizimike. Nilikuwa nimesimama nyuma yenu, safari hiyo niliingia kanisani, nikasikia. Uwashe usiku wa kuamkia Komunyo, mbali na pazia, msali hata Baba Yetu moja tu. Ukiona aibu kuanza, mwambie yeye aanze. Hatakucheka. Anajua kungoja wakubwa.

Huku hatujambo. Bomba la nyuma bado linavuja, fundi alichukua kianzio akapotea, nimeweka ndoo na mama yako anamwagilia maua kwa maji hayo, anasema heri livuje. Kliniki ya macho wamesogeza tarehe mpaka mwezi ujao. Dada yako alikuja, akakuta natafuta miwani huku nimeivaa, usimwamini akikuhadithia zaidi ya hapo. Lile koti lako la zamani mama yako anauliza kama aligawe, maana sidhani kama unalitaka.

Kama vikao vya kamati ni vya jioni, omba visogezwe viishe kabla ya mtoto kulala. Mwenyekiti ni wewe, nani atakukatalia?

Jumapili nitapiga kama kawaida. Mpe mtoto simu kwanza. Nitamuuliza swali lile lile, nawe usimfundishe jibu.

Ni mimi baba yako.